Mwari wa Kamere Niliokataa Kuwahesabu

Wenzangu, tangu niliporudi mmeniuliza kwa nini nimeacha kuketi kwenye benchi la mbele kanisani, na kwa nini mtu aliyeondoka mtaani kwetu Bondeni akijisifu kwamba anakwenda kuzunguka maziwa amerudi bila hadithi hata moja. Hadithi ninayo. Sikuisema kwa sababu inaniaibisha. Leo nimemketisha mjukuu wangu Wanjiku mezani, naye anaandika ninavyosema, kwa kuwa mimi sikuingia darasani hata siku moja. Nimemkataza kupunguza neno lolote. Alikuwepo, hivyo nikipotosha atanijua.

Kabla ya safari, mkumbuke jambo moja. Mwaka uliopita karani wa kanisa alipita akiandika watoto wa kila nyumba kwa ajili ya sikukuu yao. Alipomfikia Mama Njeri na kumuuliza ana watoto wangapi, mama yule alijibu kwamba wako, Mungu anawajua. Mimi nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mtu aliyebatizwa hana ruhusa ya kuogopa kuhesabu watoto wake, na kwamba hofu hizo ni za giza. Mama Njeri aliketi akajifunika uso kwa leso, na nyinyi mkaniitikia amina. Shikeni hilo.

Bondeni hadi Ziwa Nakuru

Wanjiku hujitolea kila mwaka kuhesabu ndege wa majini. Yeye na wenzake huzunguka maziwa yetu ya Bonde la Ufa, wakagawana ghuba na fuo, kila mmoja akahesabu anachokiona, ili ijulikane kama ndege wanaongezeka au wanapungua. Safari hii mwenzake aliugua, na kiongozi wao, Mwalimu Kiptoo, mwalimu mstaafu aishiye Nairobi, akauliza kama kuna mtu mwenye macho mazuri. Wanjiku akanitaja mimi.

Macho yangu niliyapata kwa ng'ombe. Nililisha ng'ombe wa mzungu huko Subukia tangu nikiwa mtoto hadi aliposhindwa akauza shamba. Nikisimama upande huu wa bonde niliweza kuona upande ule na kusema ni ng'ombe yupi hayupo. Nilimjua kwa kumkosa, kama unavyojua jino lako limeng'oka. Sikuwahi kuwahesabu.

Nilifunga kibanda changu cha kuuza kamba na chumvi ya ng'ombe, nikavaa koti langu la Jumapili. Mshona viatu wa jirani akaniuliza, "Mzee, nasikia unaenda kuangalia ndege. Ni ile ya Nairobi ama ile ya ng'ambo?"

"Ni ile yenye manyoya," nikamwambia.

"Na utavaa koti kwa sababu ya kuku wa majini?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilidhani safari hii ni heshima.

Garini tulikuwa mimi, Wanjiku, Mwalimu Kiptoo, na dereva aitwaye Otieno, kijana mwenye maneno mengi. Ziwa letu mnalijua lilivyopanda likameza lango la zamani na miti, ikabaki mikavu ndani ya maji kama nguzo za boma lililoungua. Heroe, wale ndege wenye miguu mirefu, walikuwa mbali, mstari mwekundu usioisha vizuri. Mwalimu akanipa kidude cha chuma kinachotosha kiganjani. Wanakiita kihesabio. Ukiona ndege mmoja, unakibonyeza mara moja kwa kidole gumba, na nambari inapanda yenyewe. Hata asiyejua kusoma anaweza.

Nilikishika, na kidole gumba kikakataa.

Nyumbani kwetu, kabla ya kanisa, watu hawakuhesabiwa, wala mifugo. Kuonyesha kiumbe hai kidole na kusema huyu mmoja, huyu wa pili, ilikuwa kama kukiitia kifo. Mama yangu hakutamka kumi akisema habari za watoto. Alisema tisa iliyojaa. Nilipokuwa mchungaji mdogo, nyapara alipita zizini na fimbo akihesabu ndama, akimgusa kila mmoja mgongoni, na kabla ya mwezi kwisha homa iliwamaliza. Niliamini kwamba ubatizo ulikwisha kuniondolea mambo hayo. Nilikuwa nimemkemea Mama Njeri kwa nguvu za imani hiyo. Kumbe kidole changu gumba hakikubatizwa.

Nikampa Wanjiku kidude kile, nikasema vidole vyangu vimekauka. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Mimi nikatazama na kusema, yeye akahesabu, na kazi ya siku ile ikaenda vizuri.

Elementaita, na gurudumu la Kikopey

Siku ya pili tulikwenda Elementaita. Kule mwari huzaa juu ya visiwa vya mawe. Ni yule ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko wa ngozi chini ya mdomo, ambaye akiruka huonekana mzito lakini akishapaa hujilaza hewani kama mtu aliyemaliza kazi. Niliwapenda. Huenda pamoja kama ng'ombe, na huvua pamoja, wakizunguka samaki na kuinamisha vichwa wakati mmoja. Mwalimu akaniuliza nimejuaje kwamba kundi moja lilikuwa linajiandaa kuruka kabla halijaruka.

"Wamegeuza shingo upande wa upepo," nikamwambia.

"Guka, hizo macho ni za mwewe!" Otieno akapiga kelele, akiniita babu kama Wanjiku anavyoniita. "Mwalimu, huyu tusimrudishe Bondeni!"

Wenzangu, nilijivuna. Nasema ili mjue kilichofuata kilitoka wapi.

Tukirudi barabarani gurudumu lilitoboka karibu na Kikopey, na la akiba halikuwa na upepo. Tulikaa pale tangu adhuhuri hadi jua lilipoanza kulegea, tukila mbuzi wa kuchoma huku Otieno akizungumza na gurudumu kama mtu anayemsihi mkewe arudi nyumbani. Hapo ndipo Mwalimu aliponieleza habari ya Kamere, kando ya Ziwa Naivasha.

"Kesho nitakupa ghuba yako mwenyewe, mzee. Utakuwa na mama mmoja anaitwa Nekesa. Anafanya kazi kwenye mashamba ya maua, lakini ndege anawajua kuliko wengi wetu. Wewe utahesabu, yeye ataandika. Darubini hii ya pili nataka kumwachia, awe akihesabu ghuba ile kila mwezi kwa niaba yetu. Ni kazi ambayo ameiomba muda mrefu. Kesho nitaona anavyoandika, kisha nitaamua."

"Ataandika vizuri," nikasema, mimi ambaye sikuwa nimemwona.

Wanjiku aliniangalia. Akauliza kama vidole vimepona. Nikamwambia ale nyama yake.

Kamere

Nekesa alitungojea ufukweni, na darubini ya Mwalimu ilikuwa shingoni mwake kabla hatujamaliza kusalimiana. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu mdogo, mikono imekwaruzwa na miiba ya waridi. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili apate siku ile. Alikuwa na daftari alilolifunika kwa karatasi ya nailoni lisilowe, na ndani ameandika kila ndege aliyemwona tangu alipofika Kamere kutoka Bungoma. Vilevile alikuwa na chakula: ugali, na samaki aliyekaangwa mzima, amefungwa kwa gazeti.

"Karibu, mzee. Tule kwanza, hesabu inataka nguvu."

Kwetu samaki hakuliwa. Sikumwambia hivyo kwa upole. Nilisema, "Mimi sili nyoka wa majini."

Wanjiku akainamisha kichwa. Nekesa akacheka kidogo. "Sawa, mzee. Huyu nyoka nitamla mwenyewe," akasema, akakifunga chakula bila kukila.

Tuliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wengine wakaenda upande wa pili wa mafunjo. Mbele yetu mwari walijaa juu ya migunga iliyokauka majini na juu ya ulimi wa matope. Nikakitoa kihesabio. Safari hii hakukuwa na Wanjiku wa kumpa, na kusema siwezi kuhesabu kwa sababu mama yangu alinikataza kungekuwa kumwambia mwanamke mgeni kwamba mzee wa kanisa ni Mama Njeri aliyevaa koti.

Nikafanya hivi. Niliwatazama mwari wale kama nilivyotazama ng'ombe. Waliokaa pamoja nikawaona ni boma moja, nikabonyeza mara moja. Boma jingine, nikabonyeza tena. Kidole kilikubali, kwa maana boma si kiumbe. Nikajiambia kwamba hii nayo ni hesabu. Nilijua si kweli.

Nilipomaliza nikamwonyesha Nekesa kile kidude. Akakitazama, akawatazama ndege, akakitazama tena.

"Mzee, ni thelathini na moja?"

"Ndivyo kinavyosema."

"Mimi naona kama ni wengi kuliko hao."

"Unanifundisha kuona, binti? Nimechunga kabla mama yako hajazaliwa. Andika."

Aliandika. Mkono wake ulikwenda polepole, kama mtu anayetia alama ya kidole kwenye karatasi asiyoielewa.

Haukupita muda, mtumbwi wenye injini ukapita karibu, na mwari wote wakapaa. Anga ikawa nyeupe. Ndipo Mwalimu alipofika, Wanjiku nyuma yake, akashika daftari, akasoma. Uso wake ukabadilika.

"Nekesa. Thelathini na moja? Mimi nimewaona kutoka kule njiani. Hawa walikuwa mamia."

Nekesa akaniangalia. Aliniangalia mara moja tu, na mimi nikaangalia ziwa.

"Ndiyo nilivyoandika, Mwalimu," akasema.

"Ulitoka zamu?"

"Nilibadilisha."

"Umechoka, basi. Au uliandika bila kusikiliza. Sasa wamekwenda, hatuwezi kurudia." Akachora mstari juu ya nambari ile. Kisha, kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko hasira, akasema, "Nipe hiyo darubini, dada. Tutaona mwaka mwingine."

Aliivua. Mkanda ulikwama kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaukwamua mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.

Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii. Neno moja lingetosha. Nilikuwa nalo, na pale pale nikasikia amina zenu za mwaka uliopita. Nikanyamaza.

Mai Mahiu

Mwalimu alikuwa akirudi Nairobi kwa njia ya chini, na Wanjiku alitaka kununua viazi Mai Mahiu kabla hatujapata gari la kutupeleka Nakuru. Njiani tulisimama saa nzima nyuma ya lori la ngano lililolala kwa ubavu. Hakuna aliyeumia. Otieno alishuka kutoa ushauri usioombwa. Mimi nilikuwa nyuma, na darubini ile ilikuwa juu ya kiti kati yangu na mlango. Kila mara gari letu lilipotikisika iligonga goti langu.

Mai Mahiu tuliingia kwenye kibanda cha chakula kando ya yadi ya malori. Mwalimu alikwenda kunawa, Otieno alikuwa bado anafunga gari. Mwenye kibanda, mama mnene mwenye sauti ya kuita hadi ng'ambo ya barabara, akanijia.

"Karibu, guka! Mko wangapi?"

Nikasema, "Leta tu. Ikitosha tutakwambia."

"Nilete sahani ngapi?"

"Leta za watu walio hapa."

Yule mama akaweka mkono kiunoni. Kisha akacheka mpaka madereva wa malori wakageuka. "Haiya! Huyu ni kama guka wangu kabisa! Huyo hata kuku wake hakuwa anahesabu. Ukimuuliza watoto ni wangapi, unafukuzwa na bakora! Guka, usiogope, sitakuloga. Nahesabu sahani, sihesabu roho!"

Mwalimu, akirudi na mikono imelowa, alicheka kwa adabu bila kujua kinachochekesha. Wanjiku hakucheka. Alikiangalia kidole changu gumba, kilichokuwa juu ya meza.

Nilikuwa na nafasi tena. Mwalimu aliketi mbele yangu, akala, akasema habari za Nekesa kwa masikitiko, akasema yuko kijana wa Karagita, jirani na Kamere, aliyeko Nairobi wiki ile, ambaye atampa darubini ile. Nilikula wali wangu hadi punje ya mwisho. Nikanyamaza mara ya pili. Kisha gari lake likapanda kuelekea ukingo wa bonde, darubini ikiwa ndani.

Tulibaki kando ya barabara na mfuko wa viazi.

"Guka," Wanjiku akasema, "uliwahesabu wale mwari?"

"Usiniulize mambo ya wazee."

Malori yalipita. Kisha akasema, akiangalia viazi, "Basi Mama Njeri naye hakufaa kuulizwa."

Wenzangu, mimi nimepigwa na nyapara, na nimewahi kuangushwa na fahali. Hakuna kilichonipiga kama hilo.

"Simamisha gari la Naivasha," nikamwambia.

Kamere, mara ya pili

Tulilala Naivasha kwa jamaa, na asubuhi tukarudi Kamere. Nekesa alikuwa akifua nguo nje ya chumba chake, zamu yake ikianza mchana. Alipotuona alipangusa mikono, akaleta vigoda, akauliza kama tumesahau kitu.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, kwa adabu na kwa urefu. Yote yakapotea. Nikasema, "Nambari ile ilikuwa yangu. Sikuwahesabu ndege. Niliogopa."

"Najua, mzee."

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Kidole kilikuwa hakitembei. Kundi zima, mara moja. Kundi lingine, mara moja." Alikunja shati lililolowa, akalikamua. "Nyumbani kwetu kuna bibi alikuwa hivyo pia."

"Na kwa nini hukumwambia Mwalimu?"

Hapo ndipo aliponitazama vizuri. "Ningesemaje? Mzee amekuja na koti, na mjukuu wake yuko pale. Niseme mzee ni mwongo? Mimi nimelelewa, mzee. Nilikungoja useme mwenyewe."

Nilikuwa nimekwenda kule nikidhani nimebeba siri. Kumbe aliibeba yeye, pamoja na adhabu yake.

Wanjiku akampigia Mwalimu simu, akaweka sauti nje ili sote tusikie. Nikasema yote, hata habari ya mama yangu, hata habari ya Mama Njeri.

"Mzee," Mwalimu akasema, "ungeniambia palepale ningecheka tu, nikampa Nekesa kihesabio, tukaendelea." Akavuta pumzi. "Darubini nilishampa yule kijana wa Karagita hapa Nairobi jana ile ile, na amefurahi mno. Siwezi kumnyang'anya. Nitatafuta nyingine. Siahidi lini. Dada Nekesa, nisamehe. Nilikuhukumu bila kuuliza."

"Hakuna shida, Mwalimu," Nekesa akasema. Lakini shida ilikuwepo. Niliiona mikononi mwake, ilivyoendelea kukamua shati ambalo halikuwa na maji tena.

Akaanika nguo zake, akachukua daftari, akasema twende ufukweni. Alikuwa na samaki wawili, nami nilikula wangu hadi kwenye mifupa. Hakunicheka. Mwari walikuwa wachache asubuhi ile, kwenye ulimi wa matope, wakijichokoa manyoya.

"Haya, mzee. Hesabu."

"Sina kile kidude."

"Una mdomo."

Nikaanza. Mmoja. Wawili. Watatu. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto anayesomeshwa kwa lazima, na Wanjiku alitazama pembeni ili nisione anavyonitazama. Nilifika tisa. Nikasema, "Tisa iliyojaa."

"Kumi, mzee," Nekesa akasema. "Mwalimu hajui tisa iliyojaa."

"Kumi," nikasema.

Aliandika. Nilisubiri mmoja wao aanguke. Aliyekuwa wa kumi alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea kujichokoa. Tulihesabu hadi mwisho, na Nekesa akaandika nambari ile bila kuniuliza kama nina hakika.

Bondeni

Nimerudi. Jumapili hii nitasimama, ila si kwenye benchi la mbele, nami nitamwomba Mama Njeri msamaha mbele yenu, kwa sababu nilimwaibisha mbele yenu. Asiponisamehe, mwacheni. Darubini ya Nekesa haijapatikana. Wanjiku huuliza kila wiki, na kila wiki najua jibu kwa jinsi anavyoiweka simu.

Yule mama wa kibanda cha Mai Mahiu aliniuliza swali nami sikumjibu. Nalijibu sasa. Tulikuwa wanne mezani pale: mimi, Wanjiku, Mwalimu na Otieno. Alipaswa kuleta sahani tano. Wa tano tulimwacha Kamere, na aliyemwacha ni mimi.